Zulfa Hakushuka Jarubani

Saa moja kasoro robo asubuhi. Jua la Septemba limeshaanza kuchoma, na majaruba ya chumvi nyuma ya mikoko, karibu na pale Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini, yanang'aa hata huwezi kuyakazia macho. Wanawake tisa wameshuka, maji yamewafika vifundoni, wanavuta chumvi kwa mbao zenye mipini mirefu. Wa kumi yuko juu ya tuta.

Huyo wa kumi ni Zulfa Alawi, mwenye miaka 33. Amekaa chini ya kibanda cha makuti, kavaa miwani myeusi, anashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu. Kila akimaliza magunia mawili matatu anapiga funda la maji, analizungusha mdomoni, ndipo analimeza. Kisha anavua miwani, anainua uso na kujidondoshea dawa machoni.

"Mama Chupa, umeshaanza!" Farida, mmoja wa waliomo jarubani, anamtania. "Maji hayo utayamaliza saa hizi, sisi tutakunywa nini?"

"Si mnywe hayo mnayoyakanyaga!" anajibu Zulfa, na kicheko kinapita tuta zima.

Mara kibunda cha uzi kinamponyoka, kinabingirika hadi ukingoni mwa maji. Ni hatua mbili tu. Zulfa anainuka, na sauti tatu zinamwahi kwa pamoja: "Usishuke!" Farida anauokota uzi na kumrushia. Zulfa ana mimba ya wiki ishirini na moja, na hapa mjamzito hashuki jarubani.

"Najua chumvi haina kosa," ananiambia kwa sauti ya chini, wenzake wakiwa wamerudi kazini. "Daktari amenieleza mpaka nimeelewa. Lakini sishuki. Nikishuka halafu likatokea la kutokea, nitasema nini mimi?"

Hilo la kutokea limeshamtokea mara mbili. Ameniomba nisitaje jina la kijiji chake, nami nimekubali, kwa sababu anaishi na watu hao hao waliomhukumu na bado anahitaji kuazimana nao chumvi na kiberiti.

Zulfa ni mzaliwa wa Mahurunga, mtoto wa wakulima wa muhogo na korosho. Aliolewa huku pwani mwaka 2014 na Yassini, kijana mpakiaji mizigo, na wiki ya pili baada ya harusi mama mkwe wake, Bi Subira, akampeleka majarubani. Bi Subira alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Alimfundisha kufungulia maji, kuyasubiri yakolee, na kuvuta chumvi bila kuchota tope.

Na siku hiyo ya kwanza alimpa mwiko. Mwanamke akijihisi mjamzito, siku hiyo hiyo anapanda tutani. Chumvi, walivyoamini wazee wao, hupanda kwa nyayo na kumkausha mtoto tumboni.

"Sisi wenyewe tulikuta hivyo," anasema Bi Subira. "Hukuuliza kwa nini. Ungemuuliza nani?"

Miaka mitatu baadaye macho ya Zulfa yakaanza kuwasha kama yametiwa mchanga. Hakushangaa mtu. Wavuna chumvi wote wana macho mekundu, na akilalamika wanamwambia, "Karibu kazini." Kisha mdomo ukakauka. Akawa hawezi kumeza ugali wa muhogo mpaka ausukume kwa maji. Ulimi ulinata kwenye kaakaa hata akishindwa kumaliza sentensi. Mwezi wa Ramadhani aliulazimisha mwili kufunga, siku ya nne akazirai akiwa kisimani, na walioona anapewa maji mchana wakaenda kusema walivyoona.

Meno yakafuata. Alipofikisha miaka thelathini alikuwa ameshang'oa matano. Mashavu yalivimba chini ya masikio, akapakwa masizi kama mtoto mwenye matubwitubwi, na wenzake wakamuuliza kaficha maembe ya nani. Asubuhi vidole vilimuuma hata kushika mpini.

"Chumvi imekuingia," ndivyo alivyoambiwa. Na hapo ndipo penye msiba wa habari hii, kwa maana jibu lile lilionekana jibu kweli. Mtu anashinda kwenye chumvi, anakauka. Nani angetafuta lingine? Usilolijua ni usiku wa giza, lakini lile unalodhani unalijua ni baya zaidi, maana hutafuti taa.

Mwaka 2018 Zulfa alishika mimba ya kwanza. Ilikuwa katikati ya msimu, Yassini alikuwa ameumia bega na hana kazi. Zulfa akanyamaza. Kwa wiki saba aliendelea kushuka jarubani na hali anajijua.

Mwezi wa saba wa mimba, katika zahanati aliyokuwa akihudhuria, mhudumu alimwekea kipembe cha kusikilizia tumboni, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Yalikuwa ya polepole, hayakufika sitini. Mhudumu akasema anasikia moyo wa mama badala ya mtoto, akaandika kwenye kadi kwamba mambo ni mazuri. Wiki tatu baadaye Zulfa alijifungua mtoto wa kike aliyekwisha kufa.

Siku ya tatu ya msiba alimwita mama mkwe chumbani na kumwambia kuhusu zile wiki saba.

"Nilidhani nikisema nitapumua," anasema. "Loh! Siku ile nilijifunga kamba mwenyewe."

Bi Subira hakupiga kelele. Alitoka nje, akakaa na wenzake, na hadi jioni kijiji kizima kilijua kwamba Zulfa amemkausha mtoto wake kwa tamaa ya fedha za chumvi. Na Zulfa naye, hilo lieleweke, aliamini hivyo hivyo. Kwa miaka mitano alilala na kuamka akijijua kuwa ni muuaji. Nilimuuliza kama hakuna siku alishuku. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza.

Mimba ya pili ilikuja mwaka 2021, na safari hii hakutaka mchezo. Tangu siku alizokosa damu hakukanyaga tuta, hakupita hata njia ya majarubani. Akaacha na chumvi ya chakula. Bi Subira alimpikia chungu chake peke yake, kisamvu bila chumvi, samaki bila chumvi, kwa miezi sita na zaidi.

"Nilikula kama mbuzi," anasema. "Na nilifurahi. Nilimwambia mtoto, wewe nakulipia la dada yako."

Mtoto wa kiume alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, mjini, moyo wake ukipiga mara hamsini na nne kwa dakika. Aliishi saa mbili. Walimpa jina ili asizikwe bila jina. Wanaume wanne walikwenda kuzika. Msibani kwa akina mama walikaa Zulfa, mama yake mzazi aliyetoka Mahurunga, na Farida. Wa majarubani wengine hawakuja, kwa sababu hukumu ilikuwa imeshatoka: alijiiba akashuka.

Fikiria mwenyewe. Mwiko ulisema ukishuka mtoto anakauka. Mtoto amekauka. Basi ameshuka, hakuna cha kubishana. Mmoja alisema aliona nyayo ndogo kama zake alfajiri. Mwingine akasema ndoo ya Zulfa ilikutwa na maji ya jarubani. Lisemwalo lipo, walisema, na methali hiyo ikafanya kazi ya ushahidi.

Arobaini ya uzazi ilipokwisha, Bi Subira aliuchukua msahafu, akaufungua kitambaa, akamwekea mkwe wake mbele ya wanawake sita. Zulfa alitawadha, akaweka mkono, akaapa kwamba hakushuka. Sauti ilikatika kwa ukavu, akaomba maji katikati ya kiapo. Machoni hapakuwa na hata tone.

"Mwanamke mmoja alisema, 'Mtazame, anaapa mdomo unamkauka, macho makavu. Wallahi huyu muongo,'" anakumbuka Zulfa. "Nilikuwa nalia mimi. Nilikuwa nalia kuliko siku zote za maisha yangu. Machozi hayatoki, nifanyeje?"

Yassini alimpa talaka moja wiki ile. Alimrejea kabla eda haijaisha, akamfuata Mahurunga kwa baiskeli ya kuazima, akakaa uani kwa wakwe kutwa nzima hajapewa hata maji. Nilipomuuliza ni nini kilimrudisha, alikuna kichwa.

"Sikuwa nimemwamini," alisema. "Nisikudanganye. Nilimkumbuka tu."

Jibu lilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Katikati ya mwaka 2023 jicho la kulia la Zulfa liliota kidonda, kikaacha kovu jeupe. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi ya siku tano mjini, kata ya Ufukoni, naye akapanga foleni tangu alfajiri ili apewe miwani. Daktari kijana, Dk. Elia, alimtazama, kisha akachukua vikaratasi viwili vyembamba, akavichomeka kwenye kope za chini, kila jicho chake, akamwambia afumbe macho.

Baada ya dakika tano akavitoa. Jicho zima, kwa muda huo, linatarajiwa kuilowesha karatasi milimita kumi na tano hivi. Cha kulia kilikuwa kikavu. Cha kushoto kililowa milimita mbili.

"Nilimuuliza kazi yake, akasema chumvi, akaanza kunielezea kosa lake la chumvi kama mtu anayeungama," anasema Dk. Elia. "Nikamwambia mama, hebu fungua mdomo. Nikaona meno. Nikamshika mashavu. Nikamuuliza viungo. Pale pale nikajua tunahangaika na kitu kingine."

Kitu hicho kinaitwa ugonjwa wa Sjögren, husomwa "shogreni", jina la daktari aliyeuandika zamani. Mwili wa binadamu una kinga yake ya kupigana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu, na wengi wao wanawake, kinga hiyo hugeuka. Dk. Elia anaifananisha na mlinzi wa usiku aliyemsahau mwenye nyumba: anampiga rungu kila akitaka kuingia. Kinachopigwa kwanza ni tezi za machozi na za mate. Ndipo macho huchoma, mdomo hukauka, meno huoza upesi, mashavu huvimba, na kwa wengi viungo huuma na mwili huchoka bila kazi.

Hauambukizi. Hausababishwi na chumvi, moshi, wala hasira za mtu. Hakuna ajuaye vizuri huanzaje, na hauna dawa ya kuumaliza, ila zipo za kuutuliza.

Zulfa alipewa rufaa Dar es Salaam. Alichukuliwa damu, akakatwa kipande kidogo cha nyama ndani ya mdomo wa chini kama punje ya mchele. Majibu yalichukua wiki saba. Daktari bingwa aliyeyasoma, mama wa makamo, aliweka karatasi mezani na kumuuliza swali ambalo Zulfa hakulitarajia kwa mtu anayetibu ukavu wa mdomo.

"Mwanangu, umewahi kupoteza mtoto?"

Kumbe katika damu ya baadhi ya wagonjwa hawa kuna kingamwili, silaha za ile kinga iliyogeuka, zinazoweza kuvuka kondo la nyuma na kumwingia mtoto. Aghalabu kati ya wiki ya kumi na nane na ya ishirini na sita, huweza kuunguza njia inayopitisha mpigo wa moyo wake. Moyo unabaki kupiga polepole, hamsini, sitini, wakati unatakiwa kupiga zaidi ya mia na kumi. Wengi wa watoto wa akina mama hawa huzaliwa salama. Wa Zulfa hawakuwa miongoni mwao.

"Nilimuuliza, kwa hiyo si chumvi? Akasema si chumvi. Nikatoka nje, nikarudi, nikamuuliza tena. Si chumvi. Mara ya tatu akanishika mkono akasema, 'Zulfa, hata ungeoga chumvi.'"

Anasema alitoka hospitalini akijihisi mwepesi, akanunua chungwa, akalinyonya kidogo kidogo kwa ajili ya vidonda vya mdomo. Alikuwa Kilwa, njiani kurudi, basi likiwa limesimama watu wachimbe dawa, lilipomjia wazo la pili. Kama si chumvi, basi ni yeye.

"Chumvi ningeiacha. Niliiacha. Damu yangu niende nikaiache wapi?"

Bi Subira alifikia hapo hapo kwa haraka zaidi. Aliposimuliwa habari yote, usiku huo huo, alisema, "Afadhali ingekuwa chumvi." Zulfa hajalisahau neno hilo. Mama mkwe naye hajalisahau, maana nilipomkuta uani kwake akichambua dagaa alianza nalo kabla sijauliza.

"Nilisema kwa uchungu, si kwa ubaya," alisema. Mikono yake ikaacha dagaa. "Mimi ndiye niliyemshikisha msahafu. Aliapa kweli, mimi nikamwona muongo. Nimeswali miaka yote hii, halafu mtu anaapa kweli mbele yangu, siijui kweli! Astaghfirullah. Nimtazame vipi mtoto wa watu?"

Alimwomba radhi mkwewe mwezi wa saba mwaka huu. Zulfa hakumpa.

"Nilimwambia, mama, subiri kwanza huyu azaliwe," anasema Zulfa. Hakulisema kwa chuki, na wala hakulainisha sauti. "Kwa sasa moyo wangu una kazi moja. Sina nafasi ya mbili."

Mimba hii hawakuipanga. Daktari wa Dar es Salaam hakumficha kitu: kwa mama ambaye imemtokea mara mbili, uwezekano wa kumtokea tena ni kama nusu kwa nusu. Kuna dawa ya kupunguza hatari hiyo, ndugu yake na ile klorokwini iliyokuwa ikitibu malaria zamani, naye huimeza kila siku, tangu alipopewa kwa maumivu ya viungo kabla ya mimba. Inapunguza, haiondoi.

Dawa hiyo na ya macho zinamgharimu shilingi elfu hamsini na tano kwa mwezi. Gunia moja la kushona ni shilingi mia tatu. Yassini hubeba mizigo mjini siku sita, na nauli ya kliniki huitoa yeye, hilo amelishikilia.

Kliniki ni kila Jumatatu, hadi wiki ya ishirini na sita ipite. Jumatatu iliyopita nilikwenda nao. Zulfa, Yassini, na Bi Subira, aliyekuja bila kualikwa na kuketi kiti cha nyuma kabisa garini.

Muuguzi, Neema, alipaka mafuta tumboni, akaweka kifaa. Kilikoroma. Akakisogeza kushoto, kikakoroma. Yassini alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ilipita dakika moja, labda na nusu, Neema akisogeza na kubonyeza. Zulfa alikuwa amefumba macho.

Kisha sauti ikaja, ya haraka haraka, ikajaza chumba.

"Mia na thelathini na nane," alisema Neema.

"Hesabu tena, dada," alisema Zulfa.

Neema akahesabu tena. Mia na thelathini na tisa. Bi Subira akajifunika uso kwa ushungi. Yassini akasema alhamdulillah na kutoka nje. Zulfa peke yake hakubadilika. Aliuliza wiki ngapi zimebaki za hatari. Akaambiwa tano. Akauliza kama moyo unaweza kuwa mzima Jumatatu hii na Jumatatu ijayo ukaharibika. Neema ni mkweli. Alimwambia unaweza.

Tulikaa benchi la nje akisubiri dawa. Nilimuuliza, kama tunavyouliza sisi waandishi, ana mipango gani akijaliwa. Alipiga funda la maji, akalizungusha, akameza.

"Watu wa mjini mnapenda mipango," alisema. "Mpango wangu ni Jumatatu ijayo."

Nikadhani amemaliza. Lakini alivua miwani, akanitazama kwa jicho lake la kushoto, lisilo na kovu.

"Andika na hili. Namwomba Mungu aniachie huyu, namwomba kila saa. Lakini akimtaka na huyu, nataka safari hii wanawake wa majarubani waje kukaa nami msibani. Waje wote. Wakae wakijua kuwa mama yake hakuongopa."